Mchicha wa Zizi la Zamani

Kilichonitia shaka kwanza ni gunia. Mzee alilitua juu ya meza ya maabara yetu ndogo pale Kigoma mjini, akasema ndani mna mchicha uliomuulia ng'ombe wake, na aliyeutia sumu ni mkimbizi, mwanamke wa Kirundi aliyeingia mwaka ule kwa njia ya Kagunga.

"Ulimwona akitia, mzee?"

"Binti, ng'ombe wamevunja ua wa shamba lake asubuhi, jioni wamekufa. Nani mwingine?"

Nilifungua gunia. Chini, kati ya majani yaliyonyauka, kulikuwa na chembe nyeupe. Lilikuwa gunia la mbolea ya chumvichumvi. Huenda aliokota tu lililokuwa karibu. Huenda pia alilichagua makusudi. Daktari wa mifugo alikuwa ametuambia kwamba damu ya ng'ombe wale ilikuwa ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, na damu ya namna hiyo hutufanya tutafute naitreti, chumvi ambayo mmea huinyonya ardhini. Ikizidi kwenye majani, ng'ombe hufa. Na mbolea ile nayo ilijaa naitreti.

"Huu siupimi," nikamwambia. "Nitakwenda kuchuma mwenyewe."

Akanikazia macho. "Ninyi watu wa Ujiji, bibi zenu nao walivuka ziwa. Ndiyo maana mnawaonea huruma."

Bibi yangu alivuka kweli, kutoka Kongo. Nikalifunga gunia, nikamrudishia.

Shamba lilikuwa kijijini, njia ya kwenda Ilagala. Mwanamke nilimkuta ameshika jembe, na hakuliweka chini hata baada ya salamu. Mchicha wake, yeye aliuita lengalenga, ulikuwa umesimama mnene na mweusi kwa afya, ingawa mashamba ya jirani yalikuwa yamedumaa kwa ukame.

"Mnapima nini?" akauliza. "Mkisema ni sumu, wanangu watakula nini? Au ndiyo mnataka tuondoke?"

"Sijasema lolote bado, dada."

"Wenzako wamekwisha kusema."

Watu walikuwa wamejaa kando ya ua, mzee akiwa mbele yao. Nilipasua shina moja, nikadondoshea tone la dawa yetu iliyoyeyushwa katika asidi. Papo hapo shina likawa bluu, bluu ya wino. Mzee akapiga kelele: "Mmeona! Sumu hiyo!" Watu wakasogea. Nilijaribu kueleza kwamba rangi ile huonyesha naitreti ipo, haisemi ni kiasi gani wala imetoka wapi, lakini sauti yangu ilimezwa. Mwanamke aliniangalia kama mtu aliyekuja na wino wake mfukoni.

Nilichuma katikati ya shamba, nikachuma na pembezoni, kila fungu katika mfuko wake wa karatasi mpya. Mifuko niliipakata njia nzima. Sikutaka mtu mwingine aishike.

Maabarani nilikausha majani na mashina, nikayasaga, nikaloweka unga katika maji ya moto na kuyachuja. Maji hayo ukiyatia dawa nyingine, hugeuka njano iwapo yana naitreti. Njano ikikolea, naitreti ni nyingi. Lakini nilipojaribu maji matupu, yasiyoguswa na jani, nayo yakawa njano. Nani alikuwa ameingia humu? Nilimgeukia mwenzangu tuliyeshirikiana naye chumba, nikamuuliza kwa ukali kuliko alivyostahili.

"Umeme ulikatika, mtambo wa kutonesha maji safi ya mvuke ukazima," akasema. "Dumu nimelijaza maji ya kisima. Kwani unanishuku mimi?"

Maji ya kisima nayo huwa na naitreti. Nilimwaga kila kitu. Tulitonesha maji upya, nikarudia tangu mwanzo. Safari hii maji matupu yalibaki meupe. Mchicha wa pembezoni ulitoa njano hafifu, kama ule nilionunua sokoni Ujiji wa kulinganisha. Wa katikati ulitoa njano iliyokaribia rangi ya chungwa. Lakini kama mtu angenyunyiza kitu, kingeganda kwenye majani. Naitreti hii ilikuwa ndani ya mashina, kama lile nililopasua shambani lilivyoonyesha.

Nilirudi kijijini, nikamuuliza mwenyekiti wa kijiji pale katikati ya shamba palikuwa na nini zamani. Mzee ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Zizi la baba yangu."

Samadi ya miaka mingi, kisha ukame, kisha mvua za kwanza. Mchicha ulikuwa umenyonya naitreti ya samadi kuliko ulivyoweza kutumia. Nilieleza hivyo. Mzee alisema huenda nimehongwa, akaondoka. Mwenyekiti akaamua mwanamke abaki, ng'ombe wafungwe. Waliokuwa kando ya ua walitawanyika bila kusema wameamini.

Mwanamke naye hakuamini. Nilimshauri achume wa pembezoni, auchemshe na kumwaga maji, na watoto wachanga wasipewe. Alisikiliza, akaingia jikoni, akatoka na sahani ya ugali na lengalenga, akaiweka mbele yangu. Wanawe walisimama mlangoni, hawajagusa chakula chao.

"Wewe uliyepima," akasema, "anza."

Nikanawa mikono, nikamega tonge.