Kiraka cha Kimya

Ni ule mwaka mahindi ya ghalani yaliingiwa na dudu, tukala obusuma, ugali wetu, wa mihogo hadi wajukuu wakaukimbia, na kumbikumbi wakatoka wengi hata mbwa wakashiba. Nautaja kwa chakula kwa sababu tarehe za watu wa ofisi siziamini tena.

Chama chetu cha wakulima wa miwa, huku Ekero, kilikuwa na programu ya simu ya kupanga zamu: leo linakatwa shamba la huyu, kesho la yule. Mimi niliyeishia darasa la tatu ndimi niliyepewa kazi ya kuzituma. Walinichagua kwa sababu sijawahi kumpunja mtu.

Siku moja, kumbikumbi wakiruka, nikaenda mazishini Lurambi. Kurudi, miwa yangu imekatwa! Zamu zilikuwa zimetumwa kwa jina langu: shamba langu mbele, la jirani yangu mjane nyuma kabisa. Miwa yake ikakaukia shambani.

"Dada, ungeniomba hiyo zamu ningekupa," aliniambia kisimani. "Kwa nini uliiba?"

"Si mimi niliyetuma."

"Basi simu yako imeota vidole."

Wanawake wakacheka. Miaka mingi tumeombana moto na chumvi, naye akaacha kunisalimu. Kuku niliyempelekea alirudishwa, kamba bado mguuni.

Tulikuwa tumefika kwenye mahindi mabichi ya kuchoma ndipo kijana wa ile ofisi iliyotengeneza programu alipokuja, viatu vinang'aa, karatasi mkononi.

"Shosho, programu ilikuwa na tundu. Mtu angeweza kuingia kwa jina la mwingine. Lakini tulishatia kiraka zamani."

"Huku bibi ni kukhu, si shosho. Zamani lini?"

"Mwezi wa nne."

Kumbikumbi! Walijua tangu kumbikumbi!

"Na mbona hamkusema?"

"Tulingoja wakati mzuri, kukhu. Watu wangeogopa bure."

Wakati mzuri wa nani? Nimeshona viraka maisha yangu yote, na mwenye nguo huambiwa. Hawa waliona gauni langu limepasuka matakoni, wakalishona kimyakimya, kisha wakaniacha nichekwe na kijiji kizima. Eti wasomi. Hata mtoto akitoa mbwa mfu kisimani hupiga kelele watu wasinywe.

Karatasi yake ilisema wanachama tuliarifiwa mapema. Akafungua kibati cha wino.

"Weka kidole hapa tu."

"Kidole changu sikupi."

Jirani yangu alikuwa akipalilia ng'ambo ya ua. Alisikia sauti yangu, kwa maana mimi huwa sinong'onanga. Akaegemea jembe.

"Dada, kuna nini?"

Dada! Tangu kumbikumbi sikuwa nimeitwa hivyo na mdomo ule. Nikausogelea ua.

"Mwambie," nikamwambia kijana. "Mwambie ulivyoniambia mimi. Wewe atakusadiki, mimi aliniona mwongo."

Akatazama viatu vyake. Akamtazama mjane, akatazama wino.

"Ofisi haijatoa ruhusa ya kutangaza, kukhu. Ila ukiweka kidole, namwambia sasa hivi. Hata yeye atafurahi."

Jirani yangu alikuwa bado amesimama pale, mkono kwenye mpini, akingoja. Kijana akanisogezea kibati karibu zaidi, akitabasamu kama anayemlaghai mtoto kwa peremende.

"Kidole changu sikupi."