Mwita Wafu wa Chumba cha Pili

Tangu nihamie kwa majirani wa kawaida, namkumbuka sana yule mwita wafu tuliyepakana naye ukuta. Alitaka uungu, na alidai zimebaki roho saba tu aupate. Roho zake alizifungia kwenye chupa za dawa ya kikohozi, na kila asubuhi alizifuta vumbi kwa pindo la shati huku akizisalimia moja moja. Zote zilimjibu, "Ndiyo, bwana." Mkewe peke yake ndiye aliyekuwa hamjibu hivyo. "Mungu gani wewe," nilikuwa nikimsikia, "hata bomba hujui kulifunga?" Mke huyo alipofariki, naye akatiwa chupani.

Jioni moja nilikwenda kurudisha pasi, nikamkuta jirani ameikumbatia chupa ya mkewe kwa viganja viwili. Nyuma yake bomba lilikuwa linamwagika.

"Nimeliacha wazi, mke wangu," alisema. "Haya, nigombeze."

"Nikugombeze kwa maneno gani, bwana?" chupa ikauliza, kwa adabu zote.

Niliiacha pasi mlangoni. Kesho yake chupa zote zilikuwa uani, tupu, zimeoshwa na kuinamishwa juani zikauke. Na bomba lake, kwa mara ya kwanza, lilikuwa limefungwa.