Dalali Hachagui Kinywa

Siku yangu ya kwanza ya kunadi samaki, huko Qurayyat, pwani ya Omani, nilisimama mbele ya fungu la jodari, nikaanza kutaja bei, na wanunuzi wakaangua kicheko. Kiarabu changu kilikuwa na lafudhi ya Unguja, nilikozaliwa.

"We Zinjibari," akasema mkuu wa soko, "unanadi au unaimba taarabu?"

Wakacheka tena. Kisha akanivuta pembeni, akanipa kanuni niliyoishika hadi nilipostaafu: "Dalali hachagui kinywa. Mtu akitoa bei, ni bei."

Vijana wengi hawaijui kazi hii. Dalali hana mali. Mtaji wake ni masikio na macho. Wapo wanunuzi wasiosema kitu: huyu hugusa kofia, yule hukunja kidole. Dalali huirudia bei ya juu mara tatu, na ya tatu ndiyo inayofunga fungu. Nilipohamia soko la mjini Maskati, msimamizi wa mnada alinifunga kitambaa machoni, akanitaka nitambue kila sauti ni ya nani. Nilifaulu.

Nasri, mtoto wa kaka yangu, nilimfunza mwenyewe, na nilipostaafu nikamwachia nafasi yangu.

Siku moja nilikwenda sokoni kununua kitoweo. Selim, Mbangladeshi mwenye kiduka cha samaki mtaa wa Azaiba, alitoa bei ya juu kuliko wote. Nasri akamruka, akamfungia fungu Muomani aliyetoa bei ya chini. Watu wakacheka. Kicheko kile nilikijua.

"Nasri, hukumsikia Selim?"

"Nimemsikia, ami. Kila siku namsikia. Hawa wa kuja wamezidi, wametujazia soko."

"Na mimi nilichekwa hivi hivi, Qurayyat."

"Wewe, ami? Hujapata kusema. Lakini sisi damu ya hapa, usitufananishe nao."

Katika kujisomea kwangu nilipata kusoma habari za Marekani ya miaka mia iliyopita: watoto wa walioshuka melini jana wakiwafungia mlango walioshuka leo, na kujiita wenyeji. Nilidhani nasoma habari za watu wengine.

Nilimfuata Selim nje kumtaka radhi.

"Wiki nzima duka langu halina samaki, mzee," akasema. "Wateja wameanza kunihama. Ni wewe uliyemfundisha?"

"Ni mimi."

"Ana sauti nzuri," akasema kwa adabu, nami nikashindwa kumtazama.

Kesho yake nilisimama karibu na Selim mnadani. Akatoa bei, Nasri akatazama kwingine. Nikaichukua bei ile, nikaitangaza mara tatu kwa sauti yangu ya kazi.

"Nimesikia, ami," akasema Nasri. "Fungu lako."

"Si langu. La Selim."

"Sauti nnayoijua mimi ni yako."

Nikageuka. Selim alikuwa ameshachukua ndoo yake tupu, anaelekea mlangoni.

Kanuni ya mkuu wa Qurayyat nilimfunza Nasri neno kwa neno. Kicheko cha siku ile, miaka yote nikimfunza, sikumhadithia. Nilikionea haya.