Unga au Risasi

Kinyozi wa Rayners Lane akiongea hakati nywele, na kuongea haachi. Mashine hunguruma hewani, mkono wa pili umeshika kichwa cha mteja kama dafu analotaka kulinunua. Asubuhi hiyo kichwa kilikuwa cha Miraji, kimenyolewa nusu, na baada ya Adhuhuri alikuwa na akdi yake Southall. Kinyozi naye alikuwa na shida yake: anataka bastola ya kulengea shabaha klabuni, na mfuko wake unaruhusu moja tu. "Ya kizamani rahisi, ila unga wake unaumimina mwenyewe, tundu kwa tundu, kisha nyumbani unaiosha kwa sabuni kama sufuria ya pilau. Ya kisasa unatia risasi, basi, lakini risasi zenyewe zitanifilisi." Akampulizia poda shingoni kumwonyesha moshi. "Sema, bwana harusi. Unga au risasi?"

Baba wa bibi harusi, aliyekuja kuchongwa ndevu, alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake nyeupe. "Miraji," alisema taratibu, "kumbe unauza unga?"

"Baruti, baba! Ya klabu! Yeye ana kibali cha polisi!"

Mzee alimtazama kinyozi, akamtazama Miraji, akavuta kiti. "Moshi wake mwingi?" aliuliza. Kinyozi akazima mashine kabisa ili aeleze vizuri. Miraji alitaka kulia, kisha akakumbuka kwamba walii ni huyu huyu, na bila yeye hakuna akdi. Akajiegemeza kitini.

"Mimi," alisema, "ningechukua ya unga."