Niliyemvalisha Soksi Hakuwa Mama Yangu

Habari zenu nyote mnaofuatilia ukurasa huu. Nimewaomba wasimamizi wasitaje jina langu wala shule yangu, kwa sababu nyumbani hakuna anayejua haya ninayoyaandika. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu, naishi Uyole na baba na bibi mzaa baba. Si mwepesi wa kuongea. Hata darasani mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake nalijua, nanyamaza mpaka mwingine ajibu. Sasa ukimya huo umenifungia mahali ambapo sioni mlango.

Mama yangu alikuwa mwanakwaya. Mwaka jana kwaya yao ya akina mama ilialikwa Iringa, na wakati wa kurudi basi lao liligongana na lori kabla ya kufika Igawa. Wengi walikufa, mama akiwemo. Hospitali waliyopelekwa ni ndogo. Mochwari ilijaa upesi, wengine wakalazwa chini kwenye ukumbi wa mikutano, wamefunikwa shuka. Hapakuwa na namba wala orodha. Mhudumu alisimama mlangoni akawa anamuuliza kila anayefika, "Wa kwenu alivaa nini?" Jamani, wote walivaa sare ya kwaya, kitenge kilekile cha zambarau.

Baba aliingia na baba mdogo. Hawakukaa sana. Baba akatoka akasema, "Nimemwona. Ana lile sweta." Sweta hilo la kijani nililifuma mimi wakati wa likizo, na kola yake imepinda kwa sababu nilikosea kuhesabu. Hakuna jingine kama hilo. Uso, alisema, haukutazamika. Akasaini, tukapewa jeneza limefungwa.

Nyumbani bibi alikataa. Mama alikuwa anaogopa baridi kuliko mtu yeyote ninayemjua, alikuwa analala na soksi hata mwezi wa kumi na mbili. "Mumzike mkwe wangu miguu wazi, na baridi hii?" bibi alisema. Baba akakubali jeneza lifunguliwe upande wa miguu tu. Bibi haoni vizuri, akaniita mimi.

Mama hakuwa na kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Alikikata kwa jembe akiwa binti, wakipalilia viazi. Alikuwa anatutania, "Kidole changu kimetangulia mbinguni kunishikia nafasi." Mguu wa kushoto nilioushika ulikuwa na vidole vitano.

Nilihesabu mara ya pili. Nikahesabu tena. Nje waombolezaji walikuwa wameshaanza kuimba, na baba ameegemea ukuta kama mtu aliyetolewa mifupa. Bibi akaniuliza, "Zimemtosha?"

Nikasema, "Zimemtosha, bibi."

"Ndaga, mjukuu wangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akanishika kichwa. Tukazika.

Nilijiambia kwamba huenda macho yangu yalichoka kwa kulia. Lakini baadaye mwanakwaya mmoja aliyenusurika alikuja kutupa pole, akaniambia, "Mama yako alikuwa na moyo, mwanangu. Mama Kulwa alikuwa anatetemeka kwa homa ndani ya basi, mama yako akavua sweta lake akamvalisha." Alidhani ananifariji.

Mama Kulwa naye alikufa siku ileile. Alikuwa anauza mchele hapa sokoni Uyole, lakini kwao ni Usangu, familia ya Wasukuma wafugaji. Mume wake alipofika ukumbini alikuta mwanamke mmoja tu mwenye sare ambaye hajachukuliwa, naye uso haukutambulika, akamchukua. Nadhani mama yangu yuko kule, pembeni ya zizi la ng'ombe la watu. Na Kulwa tunasoma darasa moja. Juzi aliniambia, "Tukifunga shule naenda kumpalilia mama. Wewe una bahati, wa kwako yuko karibu."

Mwezi uliopita afisa afya wa wilaya, mama mmoja mpole, alituita wafiwa kwenye ofisi ya kata. Alisema wanaandaa mpango wa ajali zinazoua watu wengi: miili ipewe namba na kupigwa picha, alama za mwilini ziandikwe, na panapokuwa na shaka vipimwe vinasaba kabla ya ndugu kukabidhiwa. Akauliza kama kuna mwenye shaka na aliyempokea. Baba yake Kulwa alikaa mstari wa mbele, kofia magotini. Baba yangu akasimama: "Dada, msitutoneshe vidonda. Nguo zinatosha. Mimi wangu nilimjua kwa sweta." Watu wakaitikia, "Kweli kabisa." Yule mama akaandika. Kisha akanigeukia, "Na wewe binti?"

Nikasema, "Sina cha kuongeza."

Kwa hiyo ajali nyingine ikitokea, mtu atasimama tena mlangoni kuuliza wa kwenu alivaa nini, na mimi nitakuwa nimechangia.

Nikisema, baba atajua alimzika mke wa mtu. Ndiyo kwanza ameanza kula na kulala. Bibi anaamini kaburi likifukuliwa nyumba haitulii tena. Kulwa atajua nilimwangalia akilia miezi yote hii nikanyamaza. Nisiposema, mama yangu atabaki kwa wageni, bila soksi.

Jumamosi hii fundi anakuja kulijengea kaburi kwa saruji. Bibi amenipa karatasi, "Andika wewe maneno ya kwenye jiwe, ndiwe msomi wetu. Weka jina lake lote." Karatasi iko mbele yangu, bado nyeupe. Namba ya simu ya yule afisa nimeiandika nyuma ya daftari la hesabu.

Dada zangu, kaka zangu, wazazi wangu mnaosoma hapa, naombeni msinitukane. Nishaurini nianze kwa nani, kwa baba au kwa yule afisa? Na fundi akija kuchukua karatasi, akute nimeandika jina la nani?