Nguzo Iliyofungiwa Dume

Watu wa Bunda mmeshanicheka vya kutosha. Sasa habari imefika Musoma ikiwa na mafahali watatu, kwa hiyo ngoja nijieleze mwenyewe: dume lilikuwa moja.

Kazi yangu ni kuchora nyumba kwenye kompyuta, nikiwa sebuleni na msuli kiunoni. Barazani nilisimamisha nguzo mbili nene za povu gumu, lile jeupe jepesi linalokujaga ndani ya boksi la televisheni, nikazisiriba saruji nyembamba na rangi ya jiwe. Mke wangu alibeba moja begani huku anaimba.

Jumamosi akaja Mzee Magesa wa Butiama, anataka kujenga. Alikuwa ametoka mnadani na dume lake jipya. Nikamwonyesha picha kwenye kompyuta, halafu nikamtoa nje aone nguzo zenyewe.

"Hizi ndizo zimebeba paa?"

Ningesema ni mapambo tu, yangeisha. Lakini nilishaona kazi inaingia. "Mzee, hizo hata tembo hang'oi."

"Basi nifunge huyu hapa, tuongee vizuri."

"Baba Neema," mke wangu akaguna, "si afunge kwenye mti?"

"Wewe lete chai!"

Chai haijafika, dume likafuata majani. Nguzo ikalifuata, inadundadunda nyuma ya kamba, chembe nyeupe zinamwagika mpaka barabarani.

Mzee hakulikimbilia dume lake. Aliinua macho kwenye paa. Halikutikisika hata bati moja.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mbona paa halina habari kwamba nguzo imeondoka?"