Kidole cha Tusekile

Tusekile ana ugonjwa mmoja: hajui kukataa. Tumeuza magimbi pamoja hapa sokoni Mbalizi miaka yote hii, na kila siku namwambia, dada, roho yako itakuponza. Ananicheka tu.

Bibi Tumpe, jirani yetu, alitaka laini ya simu. Mashine ya usajili ikagoma kusoma vidole vyake. Ingevisomaje? Jembe lilishavila, vikabaki vinang'aa kama mpini. Kijana wa usajili, aliyekaa na mwavuli wake kando ya barabara, akasema atafutwe mwenye kidole kizuri. Kwetu hilo si ajabu, watu huazimana vidole kama chumvi. Tusekile akafuta udongo kwenye khanga, akataja namba yake ya kitambulisho, akabonyeza.

"Ndaga, mwanangu," bibi akamshukuru.

Tenda wema nenda zako, wanasema. Tusekile alikwenda zake kweli, akarudi kwenye magimbi.

Bibi alifariki masika yaliyopita. Msibani watu waligombea shamba, wakagombea hata vitenge. Simu nani aiulize? Akaichukua mjukuu wake, Didas, mwanaume mzima asiye na kazi. Akaanza kupigia wazazi wa Iringa: mwanao kaanguka shuleni, tuma pesa ya matibabu haraka. Mama mmoja wa Kihesa akatuma akiba yake yote. Polisi wakafuatilia namba, likatoka jina la Tusekile. Didas naye alishavuka mpaka pale Tunduma.

Leo asubuhi wamemchukua Tusekile sokoni. Nimemfuata hadi kituoni, nimeeleza yote, na mpelelezi kanisikiliza vizuri, sina la kumlaumu.

"Mama, shahidi wenu nani?" akauliza.

Shahidi yuko kaburini. Yule kijana wa mwavuli hata jina hatukuwahi kumuuliza. Na mashine imetunza kidole kilichokubali tu; vidole vya bibi ilivyovikataa haikuviandika popote.

Kesho anapelekwa Iringa, mji ambao hajawahi kuukanyaga. Mimi nina hasira, naye kakaa pale kwenye benchi anamlilia yule mama wa Kihesa.

Kabla ya kumfungia, mpelelezi akaleta mashine, akamwomba kidole. Tusekile akakifuta kwenye khanga, akampa. Kikasomeka mara moja.